Macho ya Kwini, na ndoo ya maji inayokwisha

*Swali:* Shikamoo daktari. Naitwa Mama Happy, niko Rau, Moshi. Nina mbwa jike anaitwa Kwini, chotara wa German Shepherd, ana miaka 9. Tangu baada ya Pasaka macho yake yote mawili yameanza kuwa meupe. Sasa anagonga miguu ya meza, na juzi alidumbukia kwenye mfereji. Bwana mifugo wa hapa amesema ni mtoto wa jicho. Kijana wangu aliye Dar anasema tumpeleke Nairobi akapasuliwe, yeye atachangia. Baba Happy anasema mbwa mzee hapasuliwi, apigwe sindano apumzike. Jirani kanipa asali ya nyuki wadogo nimtie machoni. Kula anakula vizuri, ila anakonda, na siku hizi anamaliza ndoo ya maji mpaka anakojoa barazani, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Niamue lipi?

*Jibu:* Marahaba, Mama Happy. Umeuliza kuhusu macho, lakini kilichonishtua ni hiyo ndoo ya maji uliyoitaja mwishoni kama nyongeza tu.

Mbwa wa kilo 30 hivi anakunywa kama lita moja na nusu kwa siku, pengine mbili jua likiwa kali. Akipita lita 3, tena kwenye baridi hii ya Moshi, huyo ni mgonjwa. Sasa weka pamoja uliyoniambia: jike mtu mzima, anakula vizuri huku anakonda, anakunywa na kukojoa kupita kiasi, na macho yote mawili yamekuwa meupe kwa pamoja ndani ya majuma machache. Hukusema kama alitolewa kizazi, kwa hiyo nachukulia bado anacho. Mpaka vipimo vinikatalie, hapo mimi nasoma kisukari. Kama ndivyo, ubishi wa Nairobi na sindano unaoendelea hapo nyumbani umeanzia katikati. Kuna jambo la kufanya wiki hii, na upasuaji wa macho haumo.

Nieleze kwanza kinachotokea. Lenzi ya jicho haina mishipa ya damu. Inapata chakula chake kutoka kwenye maji yanayoizunguka ndani ya jicho, na sukari ikijaa kwenye damu inajaa pia kwenye maji hayo. Ndani ya lenzi kuna kimeng'enya kinachoigeuza sukari ya ziada kuwa kitu kiitwacho sobitoli. Sobitoli haitoki kirahisi kwenye lenzi, inabaki ndani na kuvuta maji. Lenzi inavimba, nyuzi zake zinaachana, na mwanga hauwezi tena kupita. Ndiyo maana mtoto wa jicho wa kisukari huja kwa kasi, majuma badala ya miaka, na huja macho yote mawili. Mbwa wengi wenye kisukari huishia huko ndani ya mwaka wa kwanza au zaidi kidogo, wakiwemo hata baadhi ya wanaotibiwa vizuri. (Paka mwenye kisukari mara nyingi haimpati, kwa sababu kimeng'enya hicho kwake ni hafifu.) Na lenzi ikishakuwa nyeupe, kuishusha sukari hakuirudishi kuwa angavu. Nalisema mapema ili usije ukaianza insulini ukitegemea macho yafunguke. Insulini tunaitoa ili Kwini aishi.

Kwa nini majike? Mbwa jike akitoka kwenye joto, homoni ya ujauzito hukaa juu kwa miezi kama miwili, awe na mimba au asiwe nayo. Homoni hiyo huyafanya matiti yatoe homoni nyingine ya ukuaji, nayo huizuia insulini kufanya kazi yake. Jike mwenye umri, ambaye kongosho lake limeshachoka, hapo ndipo anapoangukia kwenye kisukari. Kwa hiyo jaribu kukumbuka Kwini alikuwa kwenye joto lini mara ya mwisho. Mbwa wa jirani walijaa getini mwezi gani? Kama ilikuwa Februari au Machi, picha inakamilika, na itabidi atolewe kizazi mara hali itakaporuhusu, la sivyo kila akiingia kwenye joto sukari itavurugika upya.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huo nao hausubiri: usaha ndani ya mfuko wa uzazi. Unampata jike wa umri kama wa Kwini, majuma machache baada ya joto, na dalili yake mojawapo ni hiyo hiyo ya kunywa maji kwa pupa. Mara nyingi huyu hukataa chakula na kunyong'onyea, na wakati mwingine hutoka uchafu nyuma, lakini mlango wa kizazi ukijifunga hutaona uchafu wowote. Kwini anakula, ndiyo maana nauweka nafasi ya pili. Hata hivyo daktari atakayempima sukari ashike na tumbo, na kama ana mashine ya utrasaundi ahakikishe. Huu unaua.

Turudi machoni. Bwana mifugo wako huenda yuko sahihi, lakini si kila jicho jeupe lina mtoto wa jicho, na kutofautisha kunahitaji tochi na dakika mbili. Usiku, zima taa, mtu mmoja amshike Kwini kwa upole, wewe mulika jicho kutoka pembeni. Tazama weupe uko wapi. Ukiwa juu kabisa, kwenye kioo cha mbele, ukafunika hata rangi ya kahawia ya jicho, hilo ni kovu au kidonda cha konea: alichomwa na mti, au alitemewa sumu na swila. Huku kwetu mbwa wanaotemewa na nyoka tunawaona, na wao dawa ya kwanza ni maji safi mengi papo hapo, jicho lioshwe robo saa nzima. Weupe ukiwa nyuma ya mboni, ndani ya ule mduara mweusi, basi uko kwenye lenzi.

Hata lenzi nayo ina mambo mawili. Mbwa wote wakifika miaka 7 au 8, lenzi huanza kukaza katikati na kutoa rangi ya buluu iliyofifia. Huo ni uzee, haupofushi. Wapo wenye mbwa wanaofika kliniki, hasa wale wa Njiro na Sakina, Arusha, wenye Labrador wazee, wameshaambiwa mitaani kwamba mbwa ni kipofu. Ninachukua kipande cha pamba, nakiachia kidondoke mbele ya mbwa bila kusema neno. Pamba haina sauti wala harufu ya maana. Mbwa anaifuata kwa kichwa mpaka sakafuni, na mwenye mbwa anacheka mwenyewe. Mjaribu Kwini kwa pamba, jicho moja moja, lile jingine ukiliziba kwa kiganja. Kwa jinsi anavyogonga meza, sidhani ataifuata, lakini jaribu.

Bado una tochi mkononi? Itazame mboni inapopigwa na mwanga. Mboni inapaswa kusinyaa, kwa sababu mtoto wa jicho, hata aliyekomaa, hauzuii mwanga kuifikia retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Unazuia picha tu. Mboni ikibaki imetanuka na haitikisiki, tatizo liko nyuma ya lenzi au presha ya jicho imepanda, na mbwa huyo hata ukimtoa lenzi zote mbili hataona. Jiulize pia kama alianza kwa kupotea usiku, miezi mingi kabla ya weupe kuonekana. Mbwa aliyeanza na upofu wa usiku mara nyingi retina yake inakufa taratibu, na weupe umekuja baadaye. Wapo waliolipa hela nyingi kumtoa mbwa mtoto wa jicho na mbwa akabaki kwenye giza lilelile kwa sababu hiyo. Na kama Kwini huwa na kupe, mwambie daktari. Ehrlichia, ule ugonjwa unaoletwa na kupe wa kahawia wa mbwa, huvimbisha jicho kwa ndani, na uvimbe wa muda mrefu nao huifanya lenzi iwe nyeupe.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Upofu hauumi. Kinachouma ni yanayofuata. Lenzi iliyovimba huvujisha protini zake, na mwili wa mbwa huzipokea kama maadui. Jicho linavimba kwa ndani, linakuwa jekundu, linatoa machozi, mbwa analifinya na kukaa gizani. Ukiachwa, uvimbe huo huziba njia ya maji ya jicho, presha inapanda, na hapo mbwa ana maumivu ya kichwa usiku na mchana bila uwezo wa kukuambia. Mbwa hatalia. Atalala zaidi, atapunguza kucheza, na wewe utasema ni uzee. Lenzi ya kisukari ni mbaya zaidi, maana ikivimba kwa kasi mfuko wake unaweza kupasuka.

Kwa hiyo mbwa mwenye mtoto wa jicho ambaye *hapasuliwi* bado anahitaji matibabu: matone ya kutuliza uvimbe, mara nyingi kwa maisha yake yote, na kupimwa presha ya jicho kila baada ya miezi michache. Kwa mbwa, presha ya kawaida iko kati ya 10 na 25 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Kipimo chenyewe ni cha dakika moja, hata kile kifaa cha zamani cha Schiotz kinachowekwa juu ya jicho kinatosha kama daktari anajua kukitumia. Kumwacha bila upasuaji ni uamuzi wa halali kabisa. Kumwacha bila matone wala vipimo ndiko nisikokubali.

Matone yenyewe usijinunulie. Katika maduka ya dawa ya Moshi na Arusha utauziwa matone yenye deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, bila kuulizwa swali. Jicho likiwa na kidonda cha konea, dawa hiyo inaweza kulitoboa ndani ya siku chache, na kwa mbwa wa kisukari huweza kuipandisha sukari mnayohangaika kuishusha. Kwa mgonjwa kama Kwini mara nyingi tunachagua matone yasiyo na steroidi, ya jamii ya diklofenaki au ketorolaki, baada ya kulipaka jicho rangi ya kuonyesha vidonda. Yapo pia matone yanayotangazwa mitandaoni kwamba yanayeyusha mtoto wa jicho. Hakuna tone lililothibitishwa kufanya hivyo, kwa mbwa wala kwa mtu.

Sasa Nairobi. Kijana wako ana hoja, na upasuaji huu si hadithi. Mashine inayotumika inavunja lenzi kwa mitetemo ya sauti isiyosikika na kuinyonya kupitia tundu la kama milimita 3. Aliyeibuni, Charles Kelman wa Marekani, alianza na macho ya watu mwaka 1967, na wanyama wakafaidi baadaye. Kisha huwekwa lenzi bandia, nayo ya mbwa ina nguvu karibu mara mbili ya ile ya mtu. Bila lenzi bandia mbwa anaona pia, ila vya karibu vinakuwa na ukungu. Kwenye mikono ya waliobobea, mbwa 8 hadi 9 kati ya 10 wanaona tena miezi ya mwanzo, na wenye kisukari kilichotulia hawako nyuma sana ya wengine. Idadi hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda, kwa sababu ya presha ya jicho, retina kubanduka na uvimbe unaorudi.

Najua swali linalofuata, maana Moshi kila mtu ana bibi aliyetolewa mtoto wa jicho hospitali ya KCMC akarudi nyumbani na kuanza kuchambua mchele. Kwa nini kwa mbwa iwe kazi kubwa hivyo? Bibi anachomwa ganzi, anaambiwa asitikisike, anatii. Mbwa lazima apigwe nusu kaputi kamili, tena na dawa ya kulegeza misuli ili jicho lisizunguke, na mtu wa kumpumulia. Lenzi ya mbwa ni nene, kama milimita 7, kwa hiyo kuivunja kunachukua muda. Halafu jicho la mbwa lina hasira: ukiligusa tu linavimba kuliko la mtu. Na bibi hakuikwaruza bandeji kwa kucha usiku kucha. Wapo madaktari wa macho ya watu wenye moyo ambao hukubali kushirikiana na daktari wa mifugo, lakini anayebeba dhamana ya mgonjwa mnyama, kwa Sheria ya Veterinari ya 2003, ni daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari. Usikubali njia ya uchochoroni.

Kabla hamjamchangia Kwini nauli, daktari wako awapigie simu hao wa Nairobi, na awapigie pia wenzake wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kule Morogoro, aulize mambo manne. Mashine ya kunyonya lenzi wanayo na inafanya kazi, au watafungua jicho kwa njia ya zamani? Wana kipimo cha umeme wa retina, na utrasaundi ya jicho, kuthibitisha kwamba nyuma ya lenzi kuna jicho linaloona? Mpasuaji huyu amefanya mbwa wangapi mwaka uliopita, na wangapi wanaona leo? Na nani atampima presha kesho yake, wiki inayofuata, na mwezi ujao? Jibu likiwa la kuzungukazunguka kwenye swali la tatu, kaa nyumbani. Afrika Kusini kuna mabingwa wa macho ya wanyama, ila wanadai vipimo vya damu na vibali kabla ya mbwa kuingia, na nauli ya ndege ya mbwa wa kilo 30 si ya mchezo.

Swali la nne ndilo linalokwamisha wengi wa kwetu. Kutoka Moshi mpaka Nairobi kupitia Namanga ni kilomita zipatazo 350, na mbwa anahitaji cheti cha afya, chanjo ya kichaa cha mbwa isiyopitwa na wakati, na vibali vya mifugo vya pande zote mbili. Hiyo safari utairudia, maana siku na majuma ya kwanza baada ya upasuaji ndiyo yenye hatari. Matone ni ya mara nne au zaidi kwa siku mwanzoni, ya aina mbili tatu, kwa miezi, mengine kwa maisha. Koni shingoni majuma kadhaa. Gharama ya Marekani huwa dola maelfu kadhaa kwa macho mawili. Kwa Nairobi mdai bei kamili kwa maandishi, ikiwa na vipimo, dawa na marudio ndani yake, kwa sababu bei ya "upasuaji tu" inadanganya.

Na usisahau mnyororo. Najua Kwini mchana anafungwa, wengi tunafunga. Mbwa anayevuta mnyororo shingoni hupandisha presha ya macho kila anapovuta. Apasuliwe au asipasuliwe, mnyororo wa shingo uishe leo. Mshonee mkanda wa kifuani. Fundi viatu yeyote wa Mbuyuni atakutengenezea kwa ngozi au mkanda wa turubai, mpelekee vipimo vya kifua na shingo.

Umeuliza uamue lipi, sitakukwepa. Angekuwa mbwa wa miaka 4, hana kisukari, retina nzima, na familia ina uwezo, ningesema mpasueni na msikawie. Usisikilize anayesema subirini "ukomae". Ushauri huo umepitwa na wakati, kadiri lenzi inavyokaa ikivuja ndivyo nafasi inavyopungua. Lakini kwa Kwini, wa miaka 9, mwenye sukari inayoshukiwa na ambayo haijaguswa, kipimo cha presha yenyewe hakijafanyika, mimi ningeichukua hela ya Nairobi nikaiweka kwenye insulini, matone na kumtoa kizazi. Sukari ikitulia vizuri na retina ikionekana hai, mlango wa upasuaji bado uko wazi, ila uamuzi huo ufanyeni mapema. Kijana wako asione mchango wake umekataliwa. Insulini ni mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, na inakula hela ya kila mwezi. Hapo ndipo anahitajika zaidi.

Insulini ikianza, angalia bomba la sindano. Insulini ya watu inayouzwa famasi ina yuniti 100 kwenye mililita moja. Iliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama mara nyingi ina yuniti 40. Bomba la moja ukilitumia kwa nyingine, unampa mbwa dozi mara mbili na nusu, au chini ya nusu. Kaa na daktari mpaka akuone ukivuta dozi mwenyewe. Hifadhi kwenye friji, mlangoni, mbali na barafu. Na kamwe usimchome mbwa ambaye amekataa kula bila kumpigia daktari kwanza.

Hapa sasa asali ya jirani yako inapata kazi. Machoni usiitie: si safi kwa kiwango cha jicho, na tatizo liko ndani ya lenzi ambako haifiki. Lakini iweke jirani na friji. Siku Kwini akiwa kwenye insulini akaanza kuyumba, kutetemeka, kukutazama kama hakujui, au akaanguka kwa degedege, sukari imeshuka mno. Mpake asali kwenye ufizi, ndani ya shavu, usimmiminie kooni, halafu mbio kwa daktari. Mshukuru jirani.

Baba Happy naye nisimpite. Sindano ya kupumzisha nimeitoa kwa wengi na sioni aibu nayo, ila upofu peke yake haujawahi kuwa sababu yake. Mbwa anaishi kwa pua na masikio. Macho kwake ni ya tatu. Kama jicho litapata presha isiyoshuka kwa dawa na tayari halioni, tunalitoa jicho lenyewe, na huo ni upasuaji ambao hapa Moshi na Arusha unafanyika. Watu wanaogopa kulisikia, kisha wiki ya pili wananiambia mbwa amerudi kucheza. Ningekaa na Baba Happy kuzungumzia sindano kama sukari imekataa kabisa kutulia, mbwa anatapika na kukonda kila wiki, au kama insulini ya kila siku haiwezekani kwenye bajeti ya nyumba hiyo. La mwisho hilo si dhambi kulisema. Kuna nyumba ambazo hela ya insulini ni ada ya mtoto, na daktari anayemlaumu mzazi kwa kuchagua ada simwelewi.

Kazi ya ulinzi ataendelea nayo kwa kiasi. Atabweka gari likisimama getini kabla yenu hamjalisikia. Ila asiachwe atoke barabarani, bodaboda wa Rau hawasubiri mbwa kipofu. Kihamba chenu, yaani shamba la nyumbani, kizungusheni uzio upande wa mfereji, hata wa matete. Meza na viti visihamishwe. Ngazi ya baraza wekeni gunia la katani pale juu na jingine pale chini, atajifunza kwa unyayo kwamba gunia maana yake ni kushuka. Chakula na maji mahali pale pale. Waambie wajukuu wamwite jina kabla ya kumshika, kwa kuwa mbwa mpole aliyeshtushwa usingizini anauma, na chanjo yake ya kichaa hakikisheni haijaisha.

Kesho asubuhi sasa. Kabla hajala, mfuate anapokwenda kukojoa ukiwa na upawa uliofungwa kwenye fimbo, uukinge mkojo katikati, si ule wa mwanzo, uutie kwenye chupa safi kavu. Chupa iliyokuwa na soda haifai, itasoma sukari ya soda. Daktari atachovya kijiti: sukari ikionekana kwenye mkojo, atachoma sikio atoe tone la damu kwenye ile mashine ndogo ya kisukari. Mbwa mzima, akiwa hajala, huwa kwenye milimoli 4 hadi 6 hivi kwa lita. Mkojo huanza kuwa na sukari damu ikipita 10. Kijiti hicho hicho kina mraba wa ketoni, asidi zinazojaa mwilini kisukari kikizidi, muulize ameusoma. Mwandikie tarehe ya joto la mwisho, na ndoo ipimwe kwa lita, saa 24 kamili, maji yote aliyokunywa.

Kama kabla ya hapo ataacha kula, ataanza kutapika, au pumzi yake itanuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha, usisubiri asubuhi wala Jumatatu. Mpandishe kwenye gari usiku huo huo.